Ustadhi, Nikikua Nitawalipa?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, leo sitaandika somo la darasani. Nataka kuwasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, mwalimu wa madrasa, mtu ambaye kila mwaka nasomesha mlango wa sadaka na kuwapa wanafunzi mtihani juu yake. Mtihani huo nami nilipewa, na mara ya kwanza sikupasi.

Sisi tunakaa Karusandara, kwenye tambarare ya Kasese, kati ya milima ya Rwenzori na Ziwa George. Watu wa hapa ni wakulima na wafugaji, Wakonjo, Wasongora na makabila mengine. Wengi wetu tunaishi kwa mahindi, mpunga na vitunguu vya mashamba yanayonyweshwa na maji ya mto Mubuku. Waislamu si wengi ukilinganisha na jirani zetu Wakristo. Matajiri nao si wengi. Mei 2020 mito ya Kasese ilipofurika, wako waliopoteza nyumba na mazao kwa usiku mmoja, na mpaka leo hawajasimama sawasawa.

Katika madrasa yetu kulikuwa na mtoto wa miaka tisa. Jina lake nitalihifadhi, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini. Baba yake alikuwa kibarua wa mashamba ya mpunga, akafariki mtoto akiwa mdogo. Mama yake akaendelea kuuza samaki wa ziwani mpaka naye akaugua na kurudi kwa Mola wake. Inna lillahi wainna ilayhi raajiuun. Baada ya matanga, mtoto alilala hapa siku tatu na pale siku nne. Jioni moja, wenzake walipokwisha ondoka, nilimkuta amebaki kwenye mkeka anajifanya anapitia Juzuu Amma. Nikamwuliza, "Huendi nyumbani?" Akanijibu, "Wapi, Ustadhi?"

Nilikwenda naye kwangu. Mke wangu hakuniuliza swali. Aliongeza sahani.

Lakini, ndugu zangu, kumlisha mtoto ni jambo moja na kumlea kwa haki ni jambo jingine. Mwenyekiti wa LC1 aliniambia waziwazi kwamba mtoto wa watu hakai nyumbani kwako miezi na miezi bila karatasi. Akanipa barua kwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Huko nikaelezwa njia zilizopo katika Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Iko njia ya kuasili, ambayo mtoto anakuwa kisheria kama aliyezaliwa na wewe. Na iko njia ya ulezi wa kisheria, ambayo amri yake hutolewa na Mahakama Kuu, na tangu marekebisho hayo imewekwa kwa ajili ya raia wa Uganda. Mlezi anabeba jukumu la mtoto, malezi yake na masomo yake, na mtoto anabaki na ukoo wake.

Sisi Waislamu njia hii ya pili tunaijua kwa jina la kafala. Mwenyezi Mungu katika Suratul Ahzab amekataza kumfanya mtoto wa kulea kuwa mtoto wa damu kwa maneno ya midomo, na ameamrisha waitwe kwa majina ya baba zao. Zaid bin Haritha (R.A.) alikuwa akiitwa Zaid bin Muhammad. Aya ilipoteremka, akarudishiwa jina la baba yake. Wala hakupungukiwa kitu, kwani ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani.

Na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa yatima. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake akafariki yeye akiwa na miaka sita, babu yake Abdul Muttalib alipofika miaka minane. Akachukuliwa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali kidogo. Alilelewa katika nyumba hiyo mpaka akawa mtu mzima, na jina lake likabaki Muhammad bin Abdillah.

Basi nikakaa na wazee wa msikiti tukapiga hesabu. Wakili, hata baada ya kutuhurumia, shilingi 1,200,000. Nauli za kwenda kuwatafuta jamaa wa mtoto na kuwaleta mahakamani, 400,000. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi na karatasi nyingine, 150,000. Kisha nikaongeza chumba. Nina mabinti wawili, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwatenganisha watoto katika malazi wafikapo miaka kumi. Huyu naye si mahramu wa mke wangu wala wa mabinti zangu, maana hakunyonya kwetu. Alihitaji chumba chenye mlango wake. Mabati, saruji, mlango na kitanda, 650,000. Jumla ikawa shilingi 2,400,000. Mwalimu wa madrasa hana fedha hizo.

Safari ya kwanza ilikuwa kwa mjomba wa mtoto, upande wa Bwera. Tulipanda taksi mpaka mjini Kasese, tukapanda nyingine, Kikorongo tukakata kulia kuelekea mpaka wa Kongo. Mjomba ni Mkristo, mkulima wa kahawa mlimani, na ana watoto saba. Alitupokea vizuri, akatupa viti, lakini nilipoeleza haja yangu uso ulibadilika. Akasema, "Mwalimu, mimi sina uwezo wa kumlisha, hilo nakiri. Lakini mtoto ni wetu. Nyinyi mnataka kumchukua mumpe jina lenu, na ukoo wa baba yake ufe."

Nikamwambia, "Mzee wangu, dini yangu inanikataza hilo hilo unaloliogopa. Ataitwa kwa jina la baba yake mpaka kaburini. Na likizo atakuja kwako akujue."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nitaandika maneno hayo. Nikaandika, akatia sahihi, nami nikatia yangu. Wengine husema hukumu hii ya Uislamu ni kali, kwamba inamnyima mtoto baba. Mimi siku ile niliona kwa macho yangu kwamba bila hukumu hii mlango ule usingefunguka. Tulipoaga, mjomba akatoka na debe la kahawa kavu akaniwekea miguuni. Tuliliuza shilingi 60,000. Huo ndio ulikuwa mchango wa kwanza, na aliyeutoa ni mtu ambaye angeweza kusema yeye ndiye wa kusaidiwa.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilisimama mbele ya watu. Nilitaka kuwagusa nyoyo, na Mwenyezi Mungu amenipa ulimi. Nilieleza jinsi mtoto alivyolala nyumba za watu. Nikaeleza jinsi alivyokuwa akingoja sufuria zisafishwe ili apate ukoko. Nikaeleza ugonjwa wa mama yake, mambo ambayo hata ndugu zake hawakuyajua yote. Watu walilia. Mzee mmoja akatoa jogoo, likapigwa mnada mara nne, kila anayelinunua analirudisha liuzwe tena. Majina yalisomwa, takbira zikapigwa, tukahesabu shilingi 380,000. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi kubwa.

Mtoto alikuwa msikitini. Alikuwa safu ya nyuma pamoja na wenzake, na mimi nilikuwa najua.

Jumamosi hakuja madrasa. Jumapili hakuja. Mke wangu alisema anaondoka asubuhi na kurudi magharibi, na hali vizuri. Jumatatu nikamtafuta, nikamkuta kwenye mfereji wa maji, amekaa peke yake miguu majini. Nikakaa karibu naye. Baada ya muda akasema kwamba watoto wamempa jina, wanamwita "mtoto wa mchango". Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Ustadhi, nikikua nitawalipa? Wale wote waliosomwa?"

Wallahi sikuwa na jibu. Alikuwa ameyashika majina. Mtoto mwenye hifdhi nzuri kuliko wote katika darasa langu alikuwa ameyahifadhi majina ya watoaji na fedha zao, kama anavyohifadhi sura, kwa kudhani ni deni.

Ndugu msomaji, katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu anawaonya waumini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi. Nimeisomesha aya hiyo miaka mingi. Siku zote niliieleza kwamba inamhusu tajiri anayemsimanga maskini. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kumhusu mwalimu anayekusanya. Waliotoa siku ile hawakumsimbulia mtoto. Mimi ndiye niliyewasimbulia kwa niaba yao, tena kabla hawajatoa. Niliichukua aibu ya mtoto nikaigeuza fedha, halafu nikasema ni kwa ajili yake.

Nilimwomba radhi pale pale mferejini. Nikamwambia kwamba waliotoa wamemkopesha Mwenyezi Mungu, na Yeye ndiye atakayewalipa, wala yeye hadaiwi hata senti moja. Sikujua kama ameniamini. Mtoto aliyezoea kuhamishwa huwa haamini maneno, anangoja kuona.

Jioni ile nilikwenda kwa Hajati mmoja, mtunza fedha wetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Nilimweleza yote. Akanisikiliza, kisha akaniuliza swali jingine kabisa. "Ustadhi, hicho chumba kitajengwa wapi?" Nikasema, "Nyumbani kwangu." Akasema, "Kwenye kiwanja chako. Kwa hiyo fedha zinazotolewa kwa jina la yatima zitakuongezea nyumba wewe. Mtoto akikua akaondoka, chumba kitakuwa cha nani?"

Nilikuwa nimeifundisha aya ya Suratun Nisaa inayowaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Wala sikuwa na nia ya dhulma. Lakini mtu anaweza kuingia katika dhulma kwa kutohesabu tu.

Na hapo, ndugu zangu, ilinibidi nikumbuke jambo ambalo sikumweleza Hajati wala mzee yeyote. Nilikuwa na akiba. Kwa miaka mitatu nilikuwa naweka kidogo kidogo fedha za kununua pikipiki kuukuu, ili niache kutembea kwa miguu kwenda madrasa ya pili. Zilikuwa zimefika 700,000. Nilikuwa nimewanyoshea watu kikapu, wengine wana jembe moja tu, na mfuko wangu mmoja nimeufunga.

Chumba kilijengwa kwa fedha hizo. Kikawa changu kwa haki, na mtoto anakaa ndani yake kama wanavyokaa wanangu. Kitanda, godoro na sanduku la nguo tuliandika kwamba ni mali yake, ili siku ya kuondoka achukue bila kuomba.

Kwa upande wa mchango, tulibadilisha mambo matatu, na nayaandika hapa kwa sababu huenda na nyinyi mkahitaji.

Kwanza, hatukumtaja tena mtoto, si kwa jina wala kwa habari zake. Tulisema tu kwamba kuna gharama za ulezi wa yatima, na Hajati na wazee wawili wana hesabu kwa anayetaka kuiona.

Pili, tuliweka sanduku la mbao mahali pa kutawadhia, ambapo kila mtu hupita na hakuna anayemtazama mwenzake. Hakuna daftari la majina. Qur'ani haikukataza kutoa hadharani, imesema ni vizuri, lakini imesema kuwapa wahitaji kwa siri ni bora zaidi. Na mimi nikaona siri hiyo si kwa ajili ya mtoaji tu. Inamsitiri na mpokeaji.

Tatu, tulitenganisha fedha. Waliotaka kutoa zaka tuliwaeleza kwamba yatima, kwa uyatima wake peke yake, hayumo katika makundi manane ya Suratut Tawba. Anapewa zaka akiwa fakiri au maskini. Mtoto wetu alikuwa fakiri, kwa hiyo zaka iliingia katika chakula, nguo na madaftari yake. Gharama za wakili na nauli zilitoka katika sadaka za kawaida.

Je, fedha zilimiminika? Sitawadanganya. Wiki mbili za mwanzo sanduku lilitoa shilingi 46,000. Baadhi ya waliozoea kusomwa majina hawakuonekana. Mzee mmoja aliniambia, "Ustadhi, umeua mchango kwa mikono yako." Tarehe ya mahakama ilikuwa inakaribia, na usiku nilikuwa naamka kuhesabu badala ya kuswali, Mwenyezi Mungu anisamehe. Mara nyingi nilishawishika kusimama tena Ijumaa na kusimulia. Nilijua ingefaulu.

Lakini polepole sanduku likaanza kusema. Tulikuta noti zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Tulikuta sarafu za shilingi 500 nyingi, tukajua ni za wanafunzi. Kila Ijumaa tulikuta shilingi 2,000 zilizokunjwa mara tatu kwa namna ile ile, wiki tisa mfululizo, na mpaka leo sijui ni za nani. Mama mmoja jirani, Mkristo, hakutaka kuingia uwanjani kwetu, akampa mke wangu bahasha mlangoni na kusema, "Ya lile sanduku lenu." Wafugaji hawakuleta fedha, walileta maziwa nyumbani, na hawakusema ni ya nani. Walisema, "Ya watoto."

Baada ya wiki tisa sanduku na bahasha vilikuwa vimetoa shilingi 1,000,000. Ukijumlisha na za mnada na za kahawa, zilikuwa 1,440,000. Kwa kuwa chumba kilikwisha ondolewa katika hesabu, tulihitaji 1,750,000. Tulipungukiwa 310,000. Wakili akakubali tumlipe kidogo kidogo, na tumemaliza deni lake baada ya miezi sita. Haikuwa miujiza. Ilikuwa ni watu wenye kidogo wanaotoa kidogo, kisha wanarudi tena.

Amri ya ulezi ilitolewa mwaka 2024. Mjomba alikuja kutoka Bwera na koti lake la kanisani. Mtoto alipoulizwa mahakamani kama anataka kukaa nasi, alijibu kwa sauti ndogo kwamba anacho chumba. Sikulitarajia jibu hilo. Mimi niliona chumba ni mlango na mabati. Yeye alikiona ni jibu la lile swali la "Wapi, Ustadhi?"

Ndugu zangu, Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa karibu Peponi, akaashiria kwa kidole chake cha shahada na cha kati. Hadithi hii tunaipenda na tunaiandika kwenye kuta. Lakini tuangalie, tusije tukakipanda cheo hicho kwa kumkanyaga mgongoni yatima mwenyewe. Kabla hujasimama kumwombea mtoto fedha, jiulize: maneno haya ningeyasema kama angekuwa mwanangu wa kuzaa, amekaa safu ya nyuma anasikia? Na jiulize la pili: nimekwisha toa mimi kwanza?

Kwenu wanafunzi, nina ombi. Katika darasa lenu yuko aliyesaidiwa nguo, ada au chakula. Msimpe jina. Mtume mliyemwamini alilelewa katika nyumba ya mtu mwingine.

Mtoto sasa amefika Juzuu ya tano. Bado ananiita Ustadhi, na kwenye vyeti vyake lipo jina la baba yake. Likizo iliyopita alikwenda kwa mjomba wake mlimani, akarudi na kahawa kidogo kwenye mfuko wa karatasi. Alimpa mke wangu. Kisha akaniuliza kama lile sanduku bado liko msikitini, akachukua shilingi 500 alizopewa na mjomba akatoka nazo. Nilitaka kumwuliza kama anadhani analipa deni. Nikajizuia. Kuna mambo ambayo ni baina ya mja na Mola wake, hata kama mja huyo ana miaka kumi na moja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wake, azikubali sadaka za waliotoa kwa siri na kwa dhahiri, na atusamehe sisi tuliokusanya. Atujaalie tuwe wenye kusitiri watu wake kama anavyotusitiri Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.